Ulemavu mkali na programu huria za sauti: uchague ipi ukiwa Lubumbashi?

Wanafunzi wa informatiki wa hapa Lubumbashi wakikaa kutafuta mradi wa kumalizia masomo, wazo linalorudi mara nyingi siku hizi ni programu ya sauti kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Wazo ni zuri na kazi ipo tele. Shida ni kwamba karibu wote wanaanza na kitu kimoja: mtu aseme, kompyuta iandike. Ndicho kinachovuma. Wachache wanauliza kwanza yule mtu anasemaje, ni kiungo gani cha mwili wake kinachomtii, na kwao umeme unakaa saa ngapi kabla haujakatika.

Hapa nalinganisha njia ambazo tayari zipo, zote za programu huria (ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) au zinazokaribia kuwa huria, ili anayetaka kujenga, na hata familia inayotaka kuanza kutumia, ajue aweke nguvu zake wapi. Msimamo wangu nausema mapema. Kama mtu hawezi kutumia mikono na usemi wake haueleweki kwa wageni, mwanzishie swichi moja, yaani kitufe kimoja cha kubonyeza kwa kiungo kinachomtii, na sauti ya mashine. Utambuzi wa sauti uje baadaye, au usije kabisa. Na usiandike programu mpya. Programu zipo, kinachokosekana ndani yake ni Kiswahili, hasa Kiswahili chetu cha Kongo.

## Mahitaji mawili yanayopishana

Tukisema "programu ya sauti kwa mlemavu" tunachanganya watu ambao mahitaji yao yanakwenda pande mbili tofauti.

Wa kwanza ni yule aliyeumia uti wa mgongo karibu na shingo: ameanguka mgodini, au amepata ajali ya pikipiki. Mikono na miguu haimtii, lakini anaongea vizuri, anabishana, anaimba. Huyu anahitaji sauti yake iingie kwenye kompyuta.

Wa pili ni yule mwenye mtindio wa ubongo mkali, au aliyepatwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli kidogo kidogo hadi ulimi nao ukalegea. Akili yake iko timamu, anasikia kila kitu kinachosemwa kumhusu, ila anachotamka kinaeleweka na mama yake na dada yake peke yao. Huyu anahitaji kompyuta itoe sauti kwa niaba yake.

Yupo pia ambaye hakupelekwa shule kwa sababu ya ulemavu wenyewe. Kwake ubao wa herufi haumfai. Aanze na picha. Hawa ni wengi kuliko tunavyokiri, na miradi mingi inawasahau kwa sababu anayejenga anamchukulia mtumiaji kuwa mtu anayesoma kama yeye.

Kabla ya kufungua kompyuta, kaa na mtu huyo pamoja na anayemhudumia, na ikiwezekana na kine wake, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tafuteni mwendo mmoja ambao anaweza kuufanya kwa kukusudia, akaurudia bila kuchoka, na bila kuamsha mkazo wa misuli sehemu nyingine. Inaweza kuwa goti, kidevu, kichwa kuegemea upande, shavu au kope. Mwendo huo ndio utakaoamua programu, na ukishapatikana nusu ya ulinganisho huu umejimaliza.

## Mtu aseme, kompyuta iandike

Programu inayotajwa zaidi ni Whisper, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwezi wa 9 mwaka 2022 kwa leseni huru ya MIT. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti na Kiswahili kimo. Modeli yake, yaani ule ubongo uliofunzwa kwa sauti hizo, ina saizi kadhaa, kuanzia ile ndogo ya vigezo milioni 39 hadi kubwa ya milioni 1,550. Kuna toleo linaloitwa whisper.cpp linalokubali kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya grafiki na lisilohitaji intaneti, na hilo kwetu si jambo dogo: mega za intaneti ni ghali.

Kwa yule wa kwanza, mwenye usemi mzima, Whisper inafaa kujaribiwa, ukitumia modeli kubwa kadiri kompyuta inavyomudu. Zile ndogo kabisa zinachezacheza na Kiswahili. Zaidi ya hapo, Kiswahili cha Lubumbashi si kile cha redio ya Dar es Salaam. Mtu anasema "batoto", "niko na", anaingiza Kifaransa katikati ya sentensi kisha anarudi. Modeli iliyozoea Kiswahili sanifu hunyoosha maneno hayo kwa nguvu au huyapoteza. Hapo mwanafunzi ana kazi halali: kukusanya sauti za watu wa komine za mji wetu, Kenya, Ruashi, Kampemba na kwingineko, jinsi wanavyoongea kweli, na kuifunza modeli upya kwa sauti hizo. Common Voice ya Mozilla inapokea sauti za Kiswahili, na inachokusanya kinatolewa bila masharti ya leseni. Kuchangia pale kuna manufaa kuliko kuficha rekodi kwenye diski ya chuo.

Kwa yule wa pili, Whisper ina hatari inayonifanya nisiipendekeze kabisa kwa mambo ya afya. Isiposikia vizuri hainyamazi. Inabuni sentensi laini, yenye sarufi safi, ambayo hakuna aliyeisema, hata pakiwa kimya. Mtu mwenye mtindio wa ubongo akijitahidi kusema kwamba sindano imemuuma, kisha skrini ikaandika jambo jingine kwa uhakika, mhudumu ataamini skrini. Ni bora programu inayosema "sikuelewa" kuliko inayobahatisha.

Vosk inachukua njia tofauti. Modeli zake ndogo zina uzito wa megabaiti 50 hivi, inafanya kazi bila intaneti, na unaweza kuifungia katika orodha fupi ya maneno: taa, redio, simu, ndiyo, hapana. Kwa amri za nyumbani, kufungia hivyo kunaongeza usahihi kuliko kuiacha isikilize lugha nzima. Lakini inahitaji modeli ya lugha yako, na kuijenga ni kazi ya miezi.

Kwa usemi usioeleweka iko njia ya tatu ambayo watu wanaipita bila kuiangalia: kuacha maneno na kusikiliza milio. Parrot.py ni programu huria inayofunzwa milio ya mtu mwenyewe, mfano kubofya ulimi, kupuliza au kuguna, halafu kila mlio unageuka kuwa kitufe. Haijali lugha, wala haijali kama herufi "r" inatamkika. Kinachotakiwa ni mlio ule ule urudiwe kwa namna ile ile. Udhaifu wake ni kelele. Katika lupango lenye familia nne, redio mbili, kuku na watoto, mlio mdogo unamezwa. Maikrofoni ya kuvaa karibu na mdomo inapunguza tatizo bila kulimaliza.

## Swichi moja na kishale kinachopita

Hapa ndipo ningependa nguvu zetu ziende.

Namna yake ni hii. Skrini ina ubao wa herufi au picha. Kishale kinapita mstari kwa mstari chenyewe. Kikifika mstari unaoutaka unabonyeza swichi. Kisha kinapita kisanduku kwa kisanduku ndani ya mstari huo, unabonyeza tena. Herufi moja imepatikana. Ni polepole mno ukilinganisha na mdomo, lakini inadai mwendo mmoja tu wa mwili, na inafanya kazi kwa mtu ambaye njia nyingine zote zimemkataa.

Swichi yenyewe isikutishe. Kifaa chochote kinachounganisha nyaya mbili kinatosha. Ukichukua mausi iliyokufa, ukatoa kile kitufe cha ndani cha kushoto, ukakiunganisha na plagi ya milimita 3.5, umepata swichi inayoingia kwenye vifaa vingi vya aina hii duniani, kwa sababu tundu hilo ndilo linalotumika kila mahali. Kadi ndogo kama Arduino Leonardo inaifanya kompyuta au simu idhani swichi hiyo ni kibodi. Kwa anayeweza kutumia midomo, kuna LipSync, kijiti kinachosukumwa kwa mdomo na kupulizwa, ambacho Neil Squire Society ya Kanada imetoa michoro yake wazi ili yeyote ajitengenezee.

Kijana mmoja wa Katuba anabonyeza kwa goti la kushoto. Swichi imefungwa kwenye kiti chake kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Asubuhi anabonyeza mara moja, safi. Jioni misuli ikikaza, goti linagonga mara mbili au tatu mfululizo, na herufi zinaruka. Dawa yake ilikuwa ndani ya mipangilio: kuiambia programu isikubali mbonyezo mfupi sana, na baada ya kukubali mmoja ipuuze mingine kwa muda kidogo. Programu isiyo na mipangilio hiyo miwili usiichague, hata ikiwa na rangi nzuri kiasi gani. Na ubao wake wa kwanza, ambao sisi wasaidizi tulikuwa tumeujaza maji, choo, maumivu na usingizi, aliuacha. Aliomba herufi, akaandika taratibu: Mazembe walishinda? Kila ubao uwe na nafasi ya kuuliza, kubisha na kukataa. Mtu hakai siku nzima akitaka maji tu.

Sasa tuweke programu tatu mbele yetu.

ACAT ni ile ambayo kampuni ya Intel ilitengeneza kwa ajili ya mwanafizikia Stephen Hawking, kisha mwezi wa 8 mwaka 2015 ikatolewa kuwa huria. Hawking alibonyeza kwa msuli wa shavu, uliosomwa na kihisi kilichofungwa kwenye miwani yake. Nguvu ya ACAT ni kwamba inaendesha kompyuta nzima: kuandika faili, kutuma barua pepe, kufungua mtandao. Udhaifu wake kwetu ni kwamba inataka Windows na kompyuta yenye afya, na imepangwa kwa mtu anayeandika sana. Kwa mhadhiri, mwanasheria au mwanafunzi aliyepoteza mwili akiwa tayari na elimu yake, ningeichagua bila kusita.

AsTeRICS Grid ilitoka Vienna, Austria. Inafunguka ndani ya kivinjari, ikishapakiwa inafanya kazi bila intaneti, na haijali kama uko kwenye simu, tableti au kompyuta kuukuu yenye Linux. Inakubali swichi moja, macho, kugusa, yote. Ubao unautengeneza mwenyewe na kuuhifadhi kama faili, maana yake unaweza kumpa jirani. Kwa familia nyingi za hapa ndiyo ningeanza nayo.

Cboard nayo ni ya kivinjari na ya Android, ilisaidiwa na mfuko wa uvumbuzi wa UNICEF, na imeelekea zaidi kwa watoto na picha. Ni rahisi kuliko AsTeRICS Grid: mama anaweza kuongeza kisanduku akiwa peke yake. Kwa mtoto ambaye bado anajifunza kwamba kugusa picha kunaleta kitu, Cboard inatosha. Mtoto akikua na kutaka sentensi ndefu kwa swichi, mhamishe.

Kuhusu picha zenyewe, mkusanyo mkubwa ni ARASAAC wa serikali ya Aragón, Uhispania. Ni wa bure, ila leseni yake inakataza biashara. Mulberry ni mdogo zaidi lakini leseni yake ni huru zaidi. Vyovyote vile, piga picha zako. Bukari kwenye sahani yenu, sombe, mbabula, kitenge cha mama, kiti anachokalia nyanya. Mtoto anaitambua sufuria ya kwao haraka kuliko mchoro wa sufuria ya Ulaya.

Kuna jambo moja ambalo halijafanywa vizuri, nalo ni mpangilio wa herufi. Mbao nyingi za herufi huja na alfabeti ya kawaida au zimepangwa kwa kufuata herufi zinazorudi sana katika Kiingereza. Kiswahili kina tabia zake: "a" na "i" zimejaa kila mahali, zikifuatwa na akina "n", "u", "k", "w", "m". Tuhesabu pamoja. Chukua ubao wa visanduku sita kwa mstari, herufi kwa alfabeti, na mtu anayetaka kuandika "nina kiu". Ukihesabu kila hatua ya kishale, mistari kwanza kisha visanduku, "n" inachukua hatua 5, "i" 5, "a" 2, "k" 7, "u" 7. Jumla, bila ile nafasi ya katikati, ni hatua 36. Sasa weka "a", "i", "u" mwanzoni mwa mstari wa kwanza, na "n", "k" mwanzoni mwa wa pili. Maneno yale yale yanachukua hatua 22. Kishale kikipita hatua moja kwa sekunde, umemwokolea mtu sekunde 14 kwa maneno mawili mafupi. Zidisha kwa siku nzima. Ni kazi ya mchana mmoja kwa anayejua kuhariri faili la ubao, na hakuna mstari hata mmoja wa msimbo mpya.

## Dasher: ngeni machoni, lakini inaelewana na Kiswahili

Dasher ilianzia Cambridge, Uingereza, kwa David MacKay na mwanafunzi wake David Ward. Haina kibodi. Herufi zinakuja zikielea kutoka upande mmoja wa skrini, na wewe unaelekeza kishale kwenye herufi unayoitaka, ndani yake zinafunguka nyingine, unaendelea kuzama. Herufi inayotarajiwa kufuata inapewa nafasi kubwa. Isiyotarajiwa inakuwa nyembamba, lakini haifutwi. Mwaka 2002 waandishi hao walionyesha kwamba kwa macho peke yake mtu aliyezoea anaweza kufika maneno 25 hivi kwa dakika. Kwa swichi moja ni chini ya hapo sana, lakini namna za swichi zimo.

Kinachonivutia ni jinsi inavyotabiri. Programu nyingi zinatabiri neno zima kutoka orodha. Kwa Kiswahili hilo linachosha: kutoka kwenye "geuza" peke yake unapata nigeuze, unigeuze, munigeuze, amenigeuza, hamkunigeuza, na orodha haina mwisho. Dasher inatabiri herufi kwa herufi kwa kuangalia zile chache zilizotangulia, kwa hiyo viambishi vyetu inavizoea yenyewe. Na mafunzo yake ni faili la maandishi tu. Ukiipa magazeti, itakutabiria lugha ya magazeti. Ukiipa ujumbe ambao ndugu wa nyumba hiyo wanaandikiana, kwa ruhusa yao, itaanza kutabiri "niko na" na "batoto" na jina la kaka aliyeko Kolwezi, pamoja na Kifaransa kilichochanganywa humo.

Tatizo lake ni mkono wa kuizoea. Siku za kwanza inachanganya, na mtu mwenye mkazo wa misuli usiotabirika anaweza kuichukia. Pia matoleo yake ya zamani yalikaa miaka bila kuguswa, kwa hiyo kabla ya kumwahidi mtu, hakikisha toleo ulilonalo linafunguka kwenye kompyuta yake. Kwa kijana anayesoma, mwenye shingo au macho yanayotulia, na mwenye hamu ya kuandika mengi, Dasher inashinda ubao.

## Macho

OptiKey ni programu huria ya Windows, ya bure, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaobaki na macho peke yake. Unaangalia herufi kwa muda kidogo, inaandikwa. Ni nzuri kweli. Kinachogharimu ni kamera ya kufuata macho: ya bei nafuu inazidi dola 200 kabla ya kusafirishwa, na kompyuta lazima iwe na nguvu. Kwa mwenye mtindio wa ubongo ambaye kichwa kinacheza, kamera inampoteza mara kwa mara. Kwa mwenye ugonjwa wa misuli uliofika mbali, huenda haina mbadala. Kabla ya kununua, jaribu ya kuazima.

## Sauti itakayotoka

Baada ya kuandika, kompyuta inapaswa kusema. Hapa ulinganisho wa kweli ni wa mbili: eSpeak NG na Piper.

eSpeak NG ni mtoto wa eSpeak, iliyoanza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Acorn kule Uingereza. Ni ndogo ajabu, megabaiti chache tu, inasema lugha zaidi ya 100 na Kiswahili kimo. Unaandika espeak-ng -v sw "Naomba maji" na inasema papo hapo, hata kwenye kompyuta ya kizamani, bila intaneti. Sauti yake ni ya roboti, hilo halifichiki. Lakini inasikika katikati ya kelele, na haigomi.

Piper inatumia mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, na ilitengenezwa ikilengwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Sauti zake zinakaribia mtu. Na jambo la kutufurahisha sisi: katika orodha ya sauti zake, ya Kiswahili imepewa alama sw_CD, yaani Kiswahili cha Kongo. Faili la sauti ya wastani lina megabaiti 60 hivi; ukishalipakua mara moja, kazi ya intaneti imekwisha.

Ipo pia programu ya MMS ya kampuni ya Meta, iliyotoka mwezi wa 5 mwaka 2023 ikiwa na lugha zaidi ya 1,100. Inasema Kiswahili, ila leseni yake inakataza biashara. Fundi wa mjini akitaka kufunga kifaa na kukiuza kwa bei ya haki, amezuiwa. Kwa hiyo mimi siihesabu kuwa huria.

Kati ya eSpeak NG na Piper, weka zote mbili. Piper iwe ya kila siku. eSpeak NG ibaki kwa siku kompyuta imechoka au betri inaisha. Na kama una ujuzi wa fonetiki, gusa eSpeak NG kwanza, kwa sababu Piper yenyewe inatumia eSpeak NG kugeuza maandishi kuwa matamshi kabla ya kuyasema. Ukirekebisha huko jinsi neno linavyotamkwa, sauti zinazofunzwa baadaye zinafaidika pia. Sehemu moja inayodai kazi ni majina: majina ya Kiluba na ya Kibemba, na ya Kifaransa ambayo mashine inayasoma kama Kiswahili. Mtu anayeongea kwa mashine lazima aweze kumwita mdogo wake jina lake sawasawa.

Uchaguzi wa sauti si wako. Mwachie mwenyewe. Hawking alipewa nafasi ya kubadilisha sauti yake kwa nyingine laini zaidi akakataa; ile ndiyo ilikuwa sauti yake. Ilitoka kwenye kadi iitwayo CallText 5010, ya miaka ya 1980, na kadi zilipoanza kuchakaa hapakuwa na nyingine za kununua. Wahandisi walihangaika miaka kuiiga ndani ya kompyuta ndogo, na walifanikiwa mwanzoni mwa 2018, wiki chache tu kabla hajafariki. Mtu mashuhuri kiasi kile, na bado sauti yake ilikuwa imefungwa ndani ya kifaa ambacho hakuna aliyeweza kukitengeneza tena. Ukiuliza kwa nini nasisitiza leseni huria kwa mtoto wa Katuba ambaye hana wahandisi wa California, jibu ni hilo.

## Basi, ukiwa na wiki chache na laptopu moja

Kwa mwenye usemi mzima na mikono isiyotii: Whisper kwa kuandika, na ukipata modeli, Vosk kwa amri fupi. Kwa mwenye usemi usioeleweka: AsTeRICS Grid na swichi ya mausi kuukuu, sauti ya Piper, eSpeak NG pembeni. Kwa mtoto mdogo au asiyesoma: Cboard na picha za nyumbani. Kwa anayetaka kuandika kurasa: Dasher, au ACAT kama kompyuta inaruhusu. OptiKey pale ambapo macho ndiyo yamebaki na pesa ya kamera imepatikana.

Kuhusu umeme, simu kuukuu ya Android yenye swichi na betri ya kubebeka inashinda kompyuta kubwa inayozimika saa moja usiku. Mtu hawezi kupangiwa saa za kuongea na ratiba ya umeme. Fanya majaribio yako yote ukiwa umechomoa waya.

Na kwa wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wa vyuo vingine vya mji: mradi wenye maana si lazima uwe na jina jipya. Ubao wa AsTeRICS Grid uliopangwa kwa herufi za Kiswahili, faili la mafunzo la Dasher la lugha inayosemwa Lubumbashi, marekebisho ya matamshi yaliyopelekwa eSpeak NG, tafsiri ya menyu. Kila kimoja kinatosha kwa kazi ya mwisho wa masomo, na kila kimoja kitamfikia mtu wa Likasi, wa Bukavu, hata wa Kigoma, bila wewe kumjua. Programu mpya iliyoandikwa na mtu mmoja hufa mwandishi wake akipata kazi mgodini.

Ukirekodi sauti ya mtu mwenye ulemavu kwa ajili ya kufunza modeli, muombe ruhusa yeye, si mama yake peke yake. Mweleze rekodi itakwenda wapi na nani ataisikia. Mpe ubao wake, weka visanduku vya "ndiyo", "hapana" na "nieleze tena", kisha subiri kishale kimalize mzunguko wake mara nyingi kadiri anavyohitaji.